Kukataa Maji

Nikipiga hesabu ya jambo lote, na nimeipiga mara mbili kama ilivyo kawaida yangu, lilitugharimu mbwa mmoja, mchumba mmoja, meza ya chai iliyokuwa na wateja wake, na maji yote ambayo dada yangu hajayanywa mbele ya macho ya mtu tangu wakati ule. Fedha nazo zilitoka, lakini fedha zilirudi. Hivyo vingine sijaviona.

Siku hizi watu husema kichaa cha mbwa, na ndivyo inavyoandikwa kwenye matangazo ya chanjo. Iringa ya ujana wetu, miaka ya hamsini, maneno hayo hukuyasikia yakitamkwa kwa sauti. Watu waliamini kwamba ukiutaja ugonjwa kwa jina lake mbele ya mtu aliyeng'atwa, umeuita uje. Kwa hiyo walisema "kakataa maji". Mbwa wa bondeni kakataa maji. Huko Usangu kuna mchungaji kakataa maji. Ukisema hivyo hakuna aliyekuuliza maji gani. Akina mama waliwaita watoto ndani, na mwenye rungu akaenda kulitafuta alikoliweka.

Neno hilo lilikuwa na mizaha yake pia. Sokoni, muuza ng'ombe aliyegoma kushusha bei tulimwambia, "Mzee, leo umekataa maji?" naye akacheka, na mara nyingine akashusha. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lori likizimika mlimani utingo alisema limekataa maji, hata kama rejeta imejaa mpaka mdomoni. Tulilichezea hivyo kwa sababu lilikuwa la watu wengine. Halafu likaingia nyumbani kwetu, likakaa.

Baba yetu alitoka pwani akifuata biashara ya chumvi na nguo, akaoa Iringa na akazikwa Iringa. Mama alikuwa Mhehe. Mimi nilikuwa nikinunua mchele Rujewa na kuupandisha Iringa kwa malori ya watu. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne, aliuza chai na vitumbua pale malori yaliposimama, chini kidogo ya soko. Meza yake ilikuwa ya mbao nne na miguu mitatu mizima, mguu wa nne ulikuwa jiwe. Madereva waliokuja kutoka Mbeya na baridi yao walishuka wakikimbilia birika lake kabla hata hawajafungua turubai.

Mbwa hakuwa wa mtu. Alishuka kwenye lori la mbao, lori likaondoka, yeye akabaki. Sisi ni Waislamu, na dada hakumgusa hata siku moja. Alimtupia vitumbua vilivyoungua, na akisogea karibu mno alimrudisha kwa ufagio. Lakini alimtupia kila siku, na mbwa, ambaye hakuna aliyemsomesha habari za najisi, akaona kwamba amepata kwao. Alilala chini ya meza. Mlevi akija na ulanzi wake kichwani kudai chai ya bure, mbwa alinguruma kidogo tu, na mlevi akakumbuka kwamba ana senti mfukoni.

Asubuhi moja ya soko akatokea mbwa mwingine kutoka upande wa bondeni, kuliko na mto, ameubana mkia, akaingia chini ya meza akitafuta makombo. Wakashikana. Birika likapinduka. Dada akainama na mwiko kuwatenganisha, na katika vurugu hiyo meno yakashika kifundo cha mkono wake. Yule wa bondeni akaenda zake, wala sijui mpaka leo alielekea wapi. Wa kwetu alibaki palepale, akajilaza na kuanza kujilamba sikio lililochanika.

"Nani kati yao?" aliuliza fundi baiskeli, jirani yetu wa kibarazani, mtu mwenye sauti kubwa kuliko kazi yake.

"Huyu wetu," dada alisema. Alikuwa amefunga mkono kwa ncha ya khanga. "Hakukusudia."

"Hakukusudia!" utingo mmoja akacheka. "Mwulizeni basi kama anaomba radhi."

"Apimwe," fundi akasema, na kicheko kikaisha.

Kupima kulikuwa na utaratibu wake, ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyejua umetoka kwa nani. Mbwa anafungwa kivulini. Watu wanasimama hatua kadhaa nyuma. Maji yanawekwa mbele yake. Akinywa, ni mbwa tu kama mbwa wengine, na aliyeng'atwa anaosha kidonda na kurudi kazini. Asipokunywa, hakuna rufaa.

Mbwa akafungwa kwenye nguzo ya ghala. Maji yakapatikana. Kilichokosekana kilikuwa chombo.

"Leteni bakuli," fundi akasema.

Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maharage, Mwislamu mwenzetu, alikuwa na bakuli mbili mbele yake. Akazivuta, akazifunika kwa ukaya wake. "Alambe mbwa bakuli langu? Halafu nilioshe mara saba, na mojawapo kwa udongo? Nani atanichotea hayo maji ya mara saba, wewe?"

Wakamgeukia jirani yake, Mlutheri, mwanamke mpole aliyeuza ndizi za kuchoma. Yeye akatikisa kichwa. "Bakuli ninalo, na kwangu mimi halina neno. Lakini kesho nyinyi mtakuja kula kwangu? Mtasema ndilo lile la mbwa. Nitabaki na ndizi zangu."

Alisema kweli. Vikombe vya dada havikutajwa kabisa. Waislamu wa pale walikunywea humo, na Wakristo walikunywea humo kwa sababu Waislamu walivisugua vizuri. Kikombe kimoja kikilambwa mbele ya soko zima, birika lingefungwa siku hiyohiyo.

Basi utingo yule mcheshi akaingia chini ya lori lake na kutoka na nusu ya debe, lililokatwa kingo zikakunjwa. Wakamimina maji, wakalisukuma kwa mti mpaka mbele ya mbwa. Mbwa akainuka. Akasogea, maana ilikuwa jua na alikuwa amepigana. Akashusha pua. Akapiga chafya, akageuza kichwa, akalala.

"Kakataa!" mtu akasema nyuma.

"Kakataa maji," fundi akasema, taratibu, kama hakimu.

Harufu nilikuwa nimeisikia pale niliposimama. "Hilo ni debe la mafuta ya taa," nikasema. "Linuseni. Hata mimi nisingekunywa humo."

"Wewe muuza mchele," utingo akasema, "hata kwa hili unataka upunguziwe?"

Watu wakacheka. Kicheko cha watu wenye hofu ni kibaya, hakina mahali pa kuishia. Nikamwambia fundi nitanunua bakuli jipya dukani, liwe la mbwa tangu mwanzo mpaka mwisho, apimwe tena.

"Mbwa hapimwi mara mbili."

"Mimi napima kila kitu mara mbili."

"Ndiyo maana malori yanakuacha."

Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeinama kunusa lile debe. Walikuwa watu wazima zaidi ya ishirini, wengine wakinunua mafuta ya taa kila jioni na kuyajua kwa harufu tangu mlangoni. Dada peke yake alisema, "Mwacheni. Mwacheni anywe atakapotaka." Akamwangalia mbwa, na mbwa akapiga mkia chini mara moja.

Walimpeleka nyuma ya ghala. Sitaeleza. Baadaye wakamchoma ili mafisi wasimfukue, na mafuta waliyommwagia yalitoka kwenye lori lilelile. Watu waliporudi walikuwa wakipangusa mikono. Wakasimama karibu na meza, na nikawaona wakimtazama dada yangu, kila mmoja kwa zamu yake, kama vile neno lilikuwa limemaliza kazi kwa mbwa na sasa linatafuta mahali pengine pa kufikia.

Hospitalini tuliambiwa sindano za ugonjwa ule zinapatikana Mbeya. Kesho yake tukapata lori lililokuwa linateremka tupu kwenda kufuata mchele, dereva akampa dada nafasi mbele, mimi katikati. Dereva alikuwa mteja wake wa miaka. Tulipoiacha Iringa nyuma, akatoa chupa ya maji chini ya kiti.

"Dada, njia ndefu. Kunywa."

Dada akanywa, akashukuru. Dereva akapumua, akabadilisha gia. Nikasema moyoni, huyu ni muungwana. Tulipopita Makambako akatoa tena chupa. Dada akanywa. Igawa akatoa tena.

"Nimekunywa sasa hivi, kaka."

"Kunywa tu, dada. Vumbi hili."

Vumbi halikuwapo, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikageuka kumtazama dereva na nikamkuta haangalii barabara. Alikuwa anaangalia koo la dada yangu, kuona kama linashuka. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipomtazama dada nikajua yeye alikuwa ameelewa tangu Makambako. Chimala alipopewa tena akanywa, akarudisha chupa, akaegemeza kichwa dirishani.

Mbeya tulifikia kwa shangazi yetu, dada yake baba, nyumba ya vyumba viwili yenye baridi ya kutosha vyumba kumi. Sindano zilikuwa za tumboni, moja kila asubuhi. Upande wa kushoto wa kitovu ulipovimba wakahamia kulia, na ulipovimba kulia wakarudi kushoto. Dada hakulia. Alirudi ameinama, ameshika tumbo kama mwenye mimba ya siku nyingi, na shangazi alimpangusa kwa kitambaa cha maji moto na kumwita mama.

Lakini maneno husafiri na malori, na yalifika kabla yetu. Kila jioni walipiga hodi wanawake wa mtaa kuja kumpa pole mgonjwa. Walikaa mkekani, wakauliza hali, wakasifu afya yake. Kisha mmoja wao alisema, kama jambo lililomjia tu, "Kwani hajanywa maji huyu?" na kikombe kikaja, na maongezi yakakatika mpaka kiishe. Shangazi mwanzo alidhani ni huruma. Siku aliyogundua alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Anayekuja kumwona mwanangu akae, anayekuja kumnywesha aende kisimani akamnyweshe mbuzi wake!"

Wakaacha kuja. Sasa wakawa wanatazama kupitia ua.

Siku zile nilimwendea bwana mifugo mmoja, kwa sababu alinunua mchele kwangu na nilimpunguzia, na mtu niliyempunguzia huwa namwuliza maswali. Nikamweleza yote.

"Mlimfunga?" akauliza.

"Tulimwua."

"Mngemfunga wiki moja na nusu tu, mkamlisha kwa mbali. Angekuwa nao, angekufa mwenyewe. Angebaki mzima, dada yako asingekuwa na haja ya sindano hizo zote."

"Alikataa maji, bwana. Yaani, walisema alikataa."

Akacheka kidogo bila furaha. "Nimemwona mbwa mwenye kichaa akivuka mto kwa kuogelea. Maji humshinda binadamu, akishaugua. Mbwa si lazima yamshinde. Hicho kipimo chenu hakipimi kitu, hata chombo kingekuwa kisafi."

Kwa hiyo hatukujua kama mbwa yule alikuwa mgonjwa, na hatutajua. Sindano zenyewe dada alistahili kuzipata, maana kwa ugonjwa ule mtu hachezi na bahati, na hilo bwana mifugo alilisema mara mbili bila mimi kumwomba. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani kwa shangazi nikamweleza dada, nikidhani nampelekea faraja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hawajui wanachotazama," akasema.

"Hawajui."

"Na watatazama tu."

Tulirudi Iringa. Sindano zilikuwa zimeisha, ila neno halikuisha, kwa kuwa watu walikuwa wamesikia, na si uongo, kwamba ugonjwa ule huweza kulala mwilini muda mrefu kabla ya kuamka. Dada akasimamisha meza yake juu ya mguu wa jiwe, akawasha moto. Wateja wakaja. Walikuja wengi kuliko zamani, na siku ya kwanza mimi, mpumbavu, nikaanza kukisia faida.

"Dada, kamwene," wa kwanza akamsalimu kwa Kihehe. "Nimiminie. Lakini onja kwanza wewe."

Akaonja. Aliyefuata akasema vilevile. Wengine hawakununua kabisa, walisimama tu kumwangalia akionja, wakaenda kuwaambia wenzao kwamba bado anameza. Fundi baiskeli, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba mipira, alipata kazi ya pili ya kutoa taarifa. "Asubuhi kanywa vikombe vitatu. Cha nne kakiacha nusu. Sijui."

Alikokwenda kote ilikuwa hivyohivyo. Msibani, maji. Kwenye unyago wa binti wa jirani, maji. Hata kwa mwenye duka, aliyekuwa hajawahi kumpa mtu kitu bila kukiandika, kikombe kilitokea juu ya kaunta. Dada alikunywa. Alikunywa kila alichopewa, kwa adabu, mpaka jioni moja alipoketi uani ameshika kiuno na kuniambia, "Mdogo wangu, mimi nikifa, nitakufa kwa kuzama." Tukacheka wote wawili, na mama ndani akatuuliza kuna nini.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakumletea maji. Alikuwa akiendesha mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mke, mwenye vumbi la pumba kwenye nyusi kila nilipomwona. Alikuwa ameanza kuulizia habari za dada kabla ya mkasa, na baada ya mkasa hakurudi nyuma. Alipokuja mezani alilipa, akanywa, akaaga. Dada alikuwa akimmiminia bila kuonja kwanza. Kwa wengine hilo lisingekuwa na maana, mimi nililiona. Siku alipotuma kusema kwamba shangazi zake wawili watakuja nyumbani kuleta posa, mama alipiga vigelegele chini chini, akaogopa majirani wasisikie wakauliza.

Walikuja Julai. Anayeijua Iringa ya Julai anajua ninachosema: walikuwa wamejitanda khanga mbilimbili na juu yake shuka, na bado walisugua viganja. Mimi nilikaa barazani, mlango wazi, kwa kuwa mwanamume wa nyumba anatakiwa awe karibu bila kuwamo. Mama akawapa chai. Wakasifu chai. Wakauliza nasaba ya baba, wakapata mtu wa Kilwa wanayemjua, wakafurahi. Dada akaingia kuamkia, akakaa pembeni ya mkeka.

Shangazi mkubwa, mwenye sauti laini, akasema, "Binti yangu, tupatie maji."

Dada akatoka, akarudi na jagi na bilauri tatu za wageni. Yule mgeni akamimina bilauri moja. Hakuigusa mdomoni. Akaisukuma taratibu juu ya mkeka mpaka mbele ya dada.

"Kunywa nawe, mama. Joto leo."

Mama yangu alishika mpini wa birika asijue ameshika nini. Dada aliitazama ile bilauri. Ilikuwa safi, niliisugua mimi mwenyewe.

"Sina kiu, shangazi."

"Funda moja tu."

"Sina kiu."

"Kwa ajili yetu. Tumetoka mbali."

"Kunywa, mwanangu," mama akanong'ona. "Kunywa, yaishe."

"Hayataisha, mama," dada akasema. Akaweka vidole viwili kwenye kitako cha bilauri na kuirudisha ilikotoka, polepole, bila kumwaga tone, mpaka ikagusa goti la mgeni.

Shangazi mdogo akaanza kukusanya khanga zake. Waliaga vizuri. Walishukuru kwa chai. Mlangoni mkubwa wao aliniambia, "Mungu atamwangalia," kwa huruma ya kweli, na nadhani mpaka anafika Rujewa alikuwa bado anamwombea dada yangu kifo chepesi.

Kesho yake sokoni hakuna aliyenitania juu ya bei. Fundi baiskeli alikuwa amehamisha benchi lake upande wa pili wa barabara. Lilikuwa limesemwa tayari, na kibaya zaidi, mara hii lilikuwa kweli: kakataa maji. Nilijaribu kueleza. Nilisema alichoka. Nilisema hata wewe ungechoka. Walinitikia kwa vichwa kama wanavyomtikia mfiwa. Hakuna aliyeniuliza alisema nini wakati anakataa.

Yule wa mashine alikuja mwenyewe siku ya tatu. Dada hakutoka chumbani. "Mwambie," alisema kutoka ndani, "akinioa mimi ataioa na Rujewa yote, kila mmoja na kikombe chake." Niliupeleka ujumbe ule ukiwa umepunguzwa makali. Alikaa barazani mpaka chai aliyopewa na mama ikapoa, kisha akaondoka.

Dada hakungoja watu wamkimbie wote. Aliniambia niuze meza, nikaiuza, jiwe likabaki. Akapanda lori la alfajiri na birika lake ndani ya kikapu. Hakushuka Mbeya kwa shangazi, alipitiliza mpaka Mbalizi, ambako wakati ule hakuna aliyetujua. Kabla hajapanda alinishika mkono kwa mkono ule wenye kovu.

"Neno lile lisinifuate. Mungu akinipa watoto, wasilijue. Nimekuachia wewe."

"Sitasema."

"Najua. Wewe hutoi kitu bure."

Mwaka ukapita, na mwingine. Hakuugua. Iringa walisema amekufa, kwa kuwa habari ile ilidai mwisho, na nilikutana na mtu aliyenieleza jinsi msiba ulivyokuwa na alichokula pale. Mbalizi aliolewa na seremala, akazaa, akauza khanga na mashuka. Chai hakuuza tena. Na tangu siku ile ya posa hakuna mtu aliyemwona akinywa. Si maji, si chai, si uji. Ramadhani alikula tende moja na wenzake, kisha akaingia ndani na kufunga mlango, akatoka midomo imelowa. Mumewe alidhani ni adabu za watu wa pwani, akajivunia. Watoto walikua wakijua kwamba mama hunywa chumbani, kama watoto wengine wanavyojua mama yao hali samaki.

Sasa mumewe amefariki na dada ni mzee, na mimi namfuata nyuma kwa miaka ileile minne. Amelala Mbalizi kwa binti yake, wiki hizi za karibuni hawezi kuketi bila kushikwa. Ugonjwa wake ni wa uzee na kifua, daktari ameshasema, hauhusiani na lolote la zamani. Binti yake anampenda mno. Anamwinua, anamletea kikombe, wajukuu wanasimama kando ya kitanda kumtia moyo, na dada anafunga mdomo na kugeuzia uso ukutani. Juzi nilipofika, binti alinilaki mlangoni na machozi.

"Mjomba, mama amekataa maji."

Hajui alichosema. Alimaanisha maji tu.

Niliwatoa wote chumbani, nikasema mgonjwa anataka hewa. Nikaweka kikombe karibu naye, nikatoka, nikafunga mlango. Nilipoingia kilikuwa kimemwagika kitandani, mikono haina nguvu tena ya kukifikisha. Lazima mtu amshikie. Nikamwambia, mimi nitakishika, nitafumba macho. Akatikisa kichwa: ananijua, anajua nachungulia. Nikakijaza tena kikombe, nikageuka kabisa, nikaunyoosha mkono uliokishika nyuma kama mtu anayepokea rushwa, naye akanywa kidogo. Nikasikia koo lake. Moja. Mbili. Kisha akaacha, akasema kwa sauti iliyobaki, "Unahesabu."

Nilikuwa nahesabu.

Nikimweleza binti yake, nitakuwa nimeliingiza lile neno katika nyumba ambayo mwenyewe amelizuia maisha yake yote, na siku zake za mwisho watamtazama kwa macho yale ya Iringa, hata kama ni kwa upendo. Nikinyamaza, nina mkono mmoja, umepinda nyuma, na mafunda mawili kwa siku hayamtoshi mtu. Ndiyo sababu nimeandika bila kutaja jina la yeyote. Sidai kitu, na aliyezoea kupatana bei nami atajua hilo ni jambo la nadra. Kama uliwahi kumuuguza mtu wa namna hii, au unajua namna ya kumshikia mtu kikombe bila kumtazama wala kumsikiliza akimeza, naomba unieleze inavyofanyika. Nieleze upesi.